Uzi: Kamera 120 na wahudumu wa simu 60, mfumo gani wa kurekodi unafaa kampuni kubwa hapa Dar?

Zabuni Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kotesheni tatu mezani na zimepishana mpaka najiuliza kama hawa jamaa wote wamesoma karatasi moja. Kazi yenyewe iko hivi: kiwanda na ghala Barabara ya Nyerere, kamera 96. Ofisi ya Posta, kamera 24. Kituo cha simu Mikocheni, wahudumu 60, simu zote zirekodiwe. Bodi inataka video ikae siku 90.

Wa kwanza kaleta rekoda mbili za chaneli 64 kwa ajili ya kiwanda, jumla diski 8 za TB 8. Wa pili kaleta seva yenye programu ya kulipia leseni kwa kila kamera, bei mara tatu ya wa kwanza. Wa tatu anasema kila kitu kipelekwe kwenye wingu, hakuna rekoda wala seva. Kwenye simu wote wameandika mstari mmoja tu, "call recording included". Nianzie wapi?

---

Kokotoa Kwanza

Mkuu, weka pembeni majina ya kampuni, shika kikokotoo.

Mkondo wa video wa Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) ukirekodiwa mfululizo unakula GB 10.8 kwa siku. Sekunde 86,400, gawa kwa 8 (biti 8 ni baiti moja), basi. Kamera ya megapikseli 4 kwa H.265 (njia ya kubana video), picha 15 hadi 20 kwa sekunde, chukua Mbps 3 kama makadirio ya kazi. Kwa H.264, ile ya zamani, usishuke chini ya 5.

Kiwanda: kamera 96 × Mbps 3 = Mbps 288. Zidisha kwa 10.8 unapata GB 3,110 kwa siku. Siku 90 ni TB 280.

Huyo wa kwanza kakuletea TB 64. Gawa kwa 3.11, ni siku 20 na ushei. Na hapo hajaweka RAID yoyote (kuzipanga diski ili moja ikifa data ibaki): diski moja ikifa, kilichokuwa ndani kimekwenda nayo. Kwa hiyo bei yake si nafuu, ni ya mfumo mwingine kabisa.

Usikimbilie kununua TB 280 vilevile. Kaa na mkaguzi wa ndani na mkuu wa ulinzi mgawanye kamera makundi mawili. Geti, kaunta ya fedha, sehemu za kupakia na vyumba vya bidhaa ghali ziende siku 90. Korido, maegesho na uzio zinatosha siku 30. Tuseme kundi la kwanza ni kamera 30:

Kamera 30 × Mbps 3 × 10.8 × siku 90 = TB 87.5
Kamera 66 × Mbps 2 × 10.8 × siku 30 = TB 42.8

Jumla TB 130. Hizo 66 nimezishusha hadi picha 10 au 12 kwa sekunde. Angalizo: kupunguza picha nusu hakupunguzi mkondo nusu. Ukitoka 25 kwenda 12 utaokoa kiasi, ila usimwamini anayekuandikia nusu kamili.

Seva ya nafasi 12 za diski za TB 16, moja ikae akiba, zinabaki 11. RAID 6 inakula mbili, unabaki na TB 144. Inatosha na nafasi kidogo ya kupumua. RAID 5 kwa diski kubwa hivi sikushauri, maana kuijenga upya diski moja ya TB 16 huku kamera zinaendelea kuandika huchukua zaidi ya siku nzima, na diski ya pili ikifa katikati ya zoezi umepoteza vyote.

Kingine, dai diski za ulinzi zenye aina yake imeandikwa kwenye proforma. Diski ya kompyuta ya mezani imepangiwa kama TB 55 za kazi (kuandika na kusoma) kwa mwaka. WD Purple na SkyHawk za kawaida ni TB 180, zile za daraja la juu ni TB 550. Mfumo wako wa Mbps 288 unaandika zaidi ya TB 1,100 kwa mwaka. Zigawe kwa diski 8 za yule wa kwanza uone: kila moja inabeba zaidi ya 140, na bado hujahesabu siku mtu akikaa kutazama marudio.

---

Mtaa wa Kongo

Mbona mnamtisha mwenzenu? Aweke irekodi pale tu kitu kinapotembea, hiyo TB 130 inakuwa 40. Kariakoo rekoda zenye huduma hiyo zimejaa.

---

Kokotoa Kwanza

Ndani ya korido ya ofisi, sawa, usiku hakuna mtu. Kiwandani mikanda, feni na forklift vinatembea saa 24, kwa hiyo huokoi kitu. Nje usiku buibui anafuma utando mbele ya taa za infraredi na kila upepo ukipuliza kamera inaona mwendo. Mvua za masika nazo hivyohivyo. Halafu kuna kosa baya zaidi: mtu anayetembea polepole mbali na kamera anaweza asiamshe kurekodi, na ndiye hasa unayemtafuta.

Njia ya katikati: rekodi mfululizo kwa ubora wa chini, kikitokea kitu ipande. Lakini hesabu ya diski ifanye kana kwamba iko juu muda wote.

---

Lenzi ya Ghala

Kabla ya diski kuna swali ambalo kotesheni nyingi hulikwepa: hiyo picha ithibitishe nini? Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kamera, EN 62676-4, toleo la 2015, kinakupa namba za kuandika kwenye zabuni. Kugundua kwamba kuna mtu, pikseli 25 kwa mita. Kuangalia anachofanya, 62.5. Kumtambua mtu unayemfahamu, 125. Kumtambulisha mtu usiyemfahamu, 250.

Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2,560 kwa upana. Gawa kwa 250 unapata mita 10.2. Ya megapikseli 2 inaishia mita 7.7. Sasa chukua ghala la upana wa mita 40 lenye kamera moja juu ya mlango: 2,560 gawa kwa 40 ni pikseli 64 kwa mita. Utaona mtu kabeba boksi. Sura yake hutaijua, hata uvute picha mpaka kesho.

Kwa hiyo kwa kila kamera andika mstari mmoja: jina, upana wa eneo kwa mita, pikseli kwa mita zinazotakiwa, siku za kutunza. Msambazaji ajaze lenzi mwenyewe. Akishindwa kujaza, umeshamjua.

Kamera ya namba za magari getini ni mnyama mwingine. Lori likipita kwa kilomita 20 kwa saa linakwenda mita 5.6 kwa sekunde. Shata (muda wa kunasa picha moja) ya sekunde 1/25 inaliacha lisogee sentimita 22 ndani ya picha moja, namba inakuwa ukungu. Weka 1/500 au 1/1000 na taa yake yenyewe, na kamera isikae juu sana: pembe isizidi nyuzi 30. Usitegemee kamera ileile ya geti isome namba na pia ionyeshe sura ya dereva.

Na kitu kidogo kinachosahaulika: umeme wetu ni hezi 50. Kamera ikiachwa kwenye mpangilio wa 60, chini ya taa za mirija utaona mistari inapanda na kushuka kwenye picha. Watu hubadilisha kamera nzima kumbe ni kitufe kimoja.

---

Soketi Mbovu

Niongeze upande wa umeme na nyaya, maana hapo ndipo mfumo hufia.

Swichi ya PoE (inayolisha kamera umeme kupitia kebo ya mtandao) ya plagi 24 si lazima iweze kulisha kamera 24. Soma wati za jumla. Zipo za wati 190 na zipo za wati 370. Mchana kamera moja inakula wati 6, mara 24 ni 144, kila kitu safi, fundi anakabidhi saa nane mchana na anaondoka. Saa moja kasoro jioni taa za infraredi zinawaka, kila kamera inapanda hadi wati 10, jumla 240. Swichi ya 190 inaanza kuzima plagi moja baada ya nyingine. Asubuhi zote zinarudi, na kila mtu anasema "mtandao". Kwa hiyo jaribio la makabidhiano lifanyike usiku.

Kebo: mwisho mita 100 kutoka swichi hadi kamera, na iwe shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi, inavunjika kichwani ukiibana na inapoteza umeme njiani. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha boksi.

Kati ya jengo na jengo usipitishe kebo ya shaba kabisa, weka faiba. Radi ikipiga karibu, au ardhi za majengo mawili zikitofautiana, shaba inabeba balaa hadi kwenye seva.

UPS (betri ya akiba umeme ukikatika): kosa la kila siku ni kuiweka kwenye chumba cha seva peke yake. TANESCO wakikata, seva inabaki hai inarekodi giza kwa sababu swichi za huko kiwandani zimezimika. Kila kabati lenye swichi liwe na UPS yake. Jenereta inashika ndani ya dakika, lakini pigia hesabu ya dakika 30, kwa siku itakayokataa kuwaka.

Upande wa Kigamboni, Msasani na bandarini chumvi inakula skrubu kabla ya kamera. IP66 inazuia maji, haizuii kutu. Dai chuma cha pua cha 316L kwenye mabano, na usafishaji wa vioo uwe ndani ya mkataba wa matengenezo.

---

Ghorofa ya Tano

Kwa wa tatu, wa wingu. Kamera 120 × Mbps 3 = Mbps 360 za kupandisha, usiku na mchana bila kupumzika. Ni TB 3.9 kwa siku. Ulizia bei ya laini ya kupandisha kiasi hicho kwa uhakika, si zile "hadi Mbps kadhaa", kisha uliza faiba ikikatwa na watu wa barabara kamera zinaandika wapi.

Wingu lina kazi yake: nakala za matukio, au zile kamera 30 muhimu kwa mkondo mdogo, ili mwizi akiondoka na seva ubaki na kitu. Kuweka yote huko kwa ukubwa wenu, hapana.

---

Laini ya Pili

Sasa simu, maana mstari mmoja wa "included" ndio utakaowaumiza.

Kwanza ukubwa. G.711, njia ya kawaida ya kubeba sauti ya simu, ni kilobiti 64 kwa sekunde, MB 28.8 kwa saa. Mhudumu njia yake, mteja njia yake, ni MB 57.6. Wahudumu 60 wakiongea saa 6 kila mmoja ni GB 20.7 kwa siku. Siku 312 za kazi kwa mwaka ni TB 6.5. Yaani sauti ya mwaka mzima inalingana na siku mbili za video ya kiwanda chenu. Ukiibana kwa Opus (njia ya kubana sauti) baada ya simu kwisha, TB 1.6. Kwa hiyo msambazaji akikwambia atumie G.729, inayobana sauti ya simu kupita kiasi, "kuokoa nafasi", mkatalie. Sauti iliyokwisha kubanwa hivyo hairudi.

Njia mbili tofauti, ya mhudumu na ya mteja, zisiunganishwe. Wakiongea kwa pamoja kwenye faili moja hutajua nani kasema "nimekubali". Na siku mkitaka programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, njia zikiwa mbili kazi inakuwa rahisi mno. Programu hizo msizinunue kwa onyesho la Kiingereza: wapeni simu 100 zenu wenyewe, za Kiswahili kinachochanganywa na Kiingereza, muone wanatoa nini.

Kuzinasa kuna njia tatu.

Ndani ya mfumo wa simu wenyewe, mfano MixMonitor ya Asterisk (programu huria ya mfumo wa simu). Nafuu na rahisi. Ubaya wake, seva ya simu ikilemewa, simu na rekodi zinaharibika pamoja.

Kunakili plagi ya swichi na kusikiliza pakiti. Haigusi mfumo wa simu, lakini simu zikisimbwa kwa SRTP unarekodi mikwaruzo tu. Na simu ya mhudumu kwa mhudumu mwenzake mara nyingi sauti yake haipiti hapo ulipotega, kwa hiyo unakuta faili tupu.

SIPREC, ambapo kidhibiti cha mpakani, kati ya mtandao wenu na wa kampuni ya simu, kinatuma nakala kwa rekoda. Ni kiwango cha wazi, RFC 7866. Kwa wahudumu 60 ningeanzia hapa, mradi leseni zihesabiwe kwa simu za wakati mmoja na siyo kwa majina ya watu. Mna zamu mbili? Leseni za majina zitawalipisha mara mbili kwa kiti kilekile.

Kila rekodi ije na namba ya mteja, jina la mhudumu, muda na namba ya tiketi. Folda yenye faili 400,000 zisizo na hayo ni kabati lisilo na milango.

Na iwepo kusitisha rekodi mteja anapotaja namba za kadi. PCI DSS, kanuni za usalama za kampuni za kadi, inakataza kutunza zile tarakimu za usalama za kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa kwenye sauti. Usitishaji uende wenyewe skrini ya malipo inapofunguka. Ukimwachia mhudumu abonyeze, atasahau.

---

Kifungu kwa Kifungu

Upande wa sheria kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Sura na sauti ya mtu ni taarifa binafsi. Kampuni ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iwe na sababu iliyoandikwa ya kukusanya, na isitunze kupita hitaji la hiyo sababu. Kwa hiyo siku 90 za bodi ziandikieni sababu. Kupeleka nje ya nchi kuna masharti yake, hilo ni la yule wa wingu.

Tangazo la "simu hii inarekodiwa" lisikike kabla mhudumu hajapokea, na lisisahaulike kwenye simu mnazopiga ninyi. Hapo ndipo wengi hupotea.

Vipaza sauti vya kamera: nyingi huja vimewashwa. Zima vyote, kisha washa pale tu penye sababu, kama kaunta ya fedha. Na hapo kaunta weka kipaza sauti nusu mita kutoka kwa mteja, siyo darini. Umbali ukizidi mara mbili sauti inapungua desibeli 6, na kiyoyozi kiko hukohuko juu kinavuma.

Ushahidi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haikuguswa. Kwa lugha ya fundi: mfumo utoe alama ya SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili, likiguswa hailingani tena) faili linapotolewa, na ubaki na kumbukumbu ya nani katoa, lini, kwa sababu gani. Video iliyorekodiwa kwa simu ya mkononi kutoka kwenye skrini inampa wakili wa upande wa pili kazi nyepesi.

---

Lenzi ya Ghala

Hapo kwenye ushahidi ongeza saa. Rekoda nyingi zinatoka kiwandani zikiwa GMT+8, sisi ni GMT+3: wizi wa saa nne usiku unaonekana wa saa tisa alfajiri, tena tarehe ya kesho. Kamera, rekoda ya simu na mfumo wa mizani zote zichukue muda kutoka seva moja ya NTP (ya kusambaza saa) ya ndani. Betri ya CR2032 ndani ya rekoda ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka na rekodi mpya zinaonekana za zamani, kwa hiyo ndizo zinafutwa kwanza.

---

Soketi Mbovu

Na usalama wa mfumo wenyewe. Kamera zikae kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yao, zisione intaneti. Mwaka 2021 lilitangazwa tundu la kamera za Hikvision, CVE-2021-36260, lililomruhusu mtu asiye na nywila kutoa amri kwenye kamera. Wasioweka masasisho na waliofungulia kamera moja kwa moja kwenye intaneti ndio walioachwa wazi. Kuangalia ukiwa nyumbani, pitia VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa kampuni).

Kama kampuni yenu ina mikataba na serikali ya Marekani, soma kifungu cha 889 cha sheria yao ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019. Kinagusa Hikvision na Dahua. Kama hamna, hizo ni kamera kama kamera nyingine, alimradi zije na ONVIF Profile T (kiwango cha pamoja cha kamera za kampuni tofauti) mpate H.265 kwenye programu yoyote mtakayochagua baadaye.

---

Kokotoa Kwanza

Makabidhiano, mkuu, usisaini kwa kuangalia skrini yenye picha 96 zinazong'aa. Fanya haya, tena usiku:

1. Chomoa diski moja ikiwa inafanya kazi. Rekodi isikatike, na tahadhari ifike kwa mtu.
2. Zima swichi kuu ya TANESCO. Hesabu kamera ngapi zimeanguka.
3. Mtu asimame umbali wa mbali kabisa uliokubaliwa. Sura ionekane?
4. Toa kipande cha dakika 10 ukifungue kwenye laptopu isiyo na programu yao.
5. Piga simu 20, hamisha 5 kwa mhudumu mwingine, weka 5 kusubiri. Zitafute zote kwa namba ya mteja. Zile zilizohamishwa ndizo hukatika vipande.

Siku 90 huwezi kuzipima siku ya kwanza. Kwa hiyo zuia asilimia 10 ya malipo mpaka siku ya 91, ufungue video ya kwanza kabisa ya kundi la kwanza. Ikiwepo, lipa.

---

Zabuni Mkononi

Wakuu, ahsanteni sana. Nimerudisha zabuni zote tatu na jedwali jipya. Seva ya nafasi 12 kiwandani kwa TB 130, rekoda ndogo Posta, SIPREC Mikocheni. Siku 90 nimeweka kamera 30: geti 4, kaunta 3, kupakia 14, vyumba vya bidhaa 9. Siku 30 kamera 66: uzio, korido, maegesho, mizani, kantini. UPS kila kabati. Kuna niliposahau?

---

Lenzi ya Ghala

Mizani itoe huko. Bili za wasafirishaji hubishaniwa mwezi wa pili, na tani zilizopotea hutafutwa kwenye kamera hiyohiyo. Siku 90.

---

Kokotoa Kwanza

Kamera za mizani zikiwa 2, unaongeza TB 5.8 upande wa 90 na kutoa 1.3 upande wa 30. Jumla inakuwa TB 135, bado iko ndani ya 144. Ila usiongeze nyingine kabla ya kununua sanduku la pili.